Hakuja Jumamosi, tukamchezea mhusika wake akafa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi simu hapa Tanga mjini, nina mke na mtoto mmoja. Majina yetu naomba uyafiche, maana mji huu watu wanajuana na wenzangu wote wanasoma safu yako.

Tatizo langu ni la mchezo, usinicheke. Tuko sita tunaocheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi baada ya Isha, sebuleni kwa mwalimu mmoja Chumbageni. Kama hujawahi kuuona: mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali mlipo na yanayowakuta. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika wangu anafanya hivi na hivi, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kugoma, dadu ndiyo inayoamua. Hakuna anayeshinda. Hadithi inaendelea wiki baada ya wiki na wahusika wanakua nayo.

Msimulizi ni mimi. Sheria ni za Kiingereza, zile za bure tulizoprinti stesheneri, lakini tunacheza kwa Kiswahili na hadithi nimeitunga mwenyewe: mji wa pwani wenye magofu kama ya Tongoni, na chini yake mapango niliyoyachukua Amboni mazima mazima, pamoja na ile habari ya wazee kwamba njia yake moja inakwenda kutokea Kilimanjaro. Naandaa usiku nikishafunga kibanda. Nachora ramani, naandika majina ya watu watakaokutana nao, napanga maadui. Dadu zetu zililetwa na baharia, ndugu wa mmoja wetu. Ile ya pande 20, namba 17 ilishafutika, tumeiandika upya kwa rangi ya kucha. Nakueleza haya ujue kwamba sisi hatufanyi masihara.

Wachezaji wangu ni watano: huyo mwalimu, karani wa bandarini, dereva wa bajaji, mwanachuo, na dada mmoja muuguzi. Wote wanapata udhuru, siwezi kukataa. Meli ikiingia karani haonekani. Mwanachuo akiwa na mitihani yuko Dar. Lakini anayekosa zaidi ni muuguzi, kwa sababu ya zamu. Kila mwisho wa mwezi hututumia kwenye grupu picha ya ratiba yake, lakini nani anakumbuka picha ya wiki tatu nyuma? Mimi naona mtu akilipenda jambo atalitafutia nafasi. Anaweza kubadilishana zamu na wenzake, mbona wengine wanabadilishana.

Basi kuna Jumamosi moja hakuja, tukakaa tukakubaliana kwamba asiyekuwepo, mhusika wake achezwe na mwenzake ili hadithi isisimame. Tukaenda hivyo kwa muda na hakukuwa na neno. Juzi hakuja tena. Wiki ya nyuma yake tulikuwa tumeishia katikati ya mapigano ndani ya pango, kwa hiyo hatukuweza kusema mhusika wake ametoka kidogo. Na mhusika wake ni tabibu, ndiye anayetuponya. Dereva wa bajaji akamchukua. Akamtanguliza kwenye njia nyembamba ili wa nyuma wapate kupita, akapigwa, akaanguka. Kwa sheria zetu aliyeanguka anarusha dadu ya pande 20 kila zamu yake ikifika: kumi na kwenda juu ni nafuu, chini ya kumi ni hatua ya kuelekea kaburini, na hatua zikifika tatu amekwisha. Zilifika tatu. Niliitazama ile dadu nikatamani nisingeiona, lakini sikutaka kudanganya mbele za watu.

Usiku huohuo dereva akaandika kwenye grupu: "Dada pole, umefariki," na vikaragosi vya kucheka. Muuguzi alikuwa zamu ya usiku. Asubuhi tukakuta ametoka kwenye grupu. Nilimpigia, akasema amechoka, tutaongea. Hatujaongea mpaka leo. Karatasi ya mhusika wake ninayo mimi kwenye faili. Pembeni ameichorea pindo la kanga kwa kalamu ya bluu, na nyuma ameandika orodha ya wote ambao tabibu wake amewahi kuwaponya.

Kundi limegawanyika. Karani anasema asiyekuwepo na lake halipo, angekuja angemlinda mtu wake. Mwalimu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba, anataka tuweke faini ya shilingi 2,000 kwa kila anayekosa, ziende kwenye chipsi na soda. Dereva kanuna, anasema alisaidia na sasa anatazamwa kama muuaji. Mwanachuo anasema tumfufue tu yaishe. Na mke wangu anasema watu wazima mnagombea maiti ya mtu asiyekuwepo duniani.

Nifanye nini Shangazi? Nimfufue au nisimfufue? Na hawa wanaokosa niwafanyeje: niwatoze, niwapunguze, niahirishe kila tukipungua, au tuendelee na atakayekuwepo? Nimeanza kufikiria kulivunja kundi.

Msimulizi, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu,

Sikucheki hata kidogo. Nina mpwa anayeucheza mchezo huohuo Dar es Salaam, ameshanikalisha mezani nikarusha dadu, kwa hiyo najua mtu anavyoweza kukosa usingizi kwa ajili ya tabibu wa kwenye karatasi. Mkeo ana haki ya kushangaa, ila mwambie kwamba anayenuniwa hapa ni mtu wa kweli, na Jumamosi alizozitumia kumlea huyo tabibu zilikuwa za kweli.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umefunga mambo mawili katika fundo moja. Kuna suala la watu wanaokosa, ambalo ni la ratiba. Na kuna suala la kilichofanywa kwa kitu cha mtu akiwa hayupo, ambalo ni la idhini. Ukitibu la pili kwa dawa ya la kwanza, yaani ukaweka faini au ukapunguza watu, muuguzi atasikia kwamba baada ya kumuulia mhusika mnamtoza na pesa. Kwa hiyo niruhusu nianze na hilo la pili, ndilo linalouma sasa hivi.

Umeandika: "Kuna Jumamosi moja hakuja, tukakaa tukakubaliana." Soma tena sentensi hiyo polepole. Waliokubaliana ni akina nani? Sheria ya nini kifanywe na mhusika wa asiyekuwepo ilipitishwa siku ambayo anayehusika nayo kuliko wote hakuwepo. Huenda aliambiwa baadaye, huenda hata alisema "sawa tu" kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Barua haisemi. Mimi ningetaka kujua, na nadhani wewe pia ungetaka kujua kabla ya kuamua nani amemkosea nani. Kukubali kwamba mwenzangu amshike mhusika wangu ili hadithi isonge ni jambo moja. Kukubali kwamba anaweza kumtanguliza kwenye njia nyembamba akafa ni jambo lingine kabisa, na watu wengi hawalifikirii mpaka limetokea.

Karani wenu kaleta methali, na methali ni tamu kwa yule inayemfaa. Asiyekuwepo na lake halipo: ndiyo, sahani ya pilau ikigawiwa na wewe hupo, usije kudai kesho. Lakini hapa, mwanangu, yeye hakuwepo na lake lilikuwepo. Ndilo mlilolitumia. Nguvu zake za kuponya mlizitumia, mwili wake mliufanya ngao, na nyote mkatoka pangoni salama. Kama lake lisingekuwepo kweli, tabibu asingeingia kwenye mapigano yale na pengine ninyi ndio mngelala humo. Simwambii karani amekosea moja kwa moja, namwomba tu aufuate msemo wake mpaka mwisho.

Jambo jingine ulilolipita haraka: ratiba. Unasema mtu akipenda jambo atalitafutia nafasi, na papo hapo unasema kila mwisho wa mwezi huyu dada hutuma picha ya zamu zake. Katika watu watano, yeye ndiye pekee uliyenitajia kuwa anatoa taarifa mapema. Karani hujamlaumu meli ikiingia. Mwanachuo hujamwambia aahirishe mtihani. Kwa muuguzi umeona dharau. Sijui kwa nini, na sitaki kukubandikia sababu. Ila kubadilishana zamu si jambo la kuomba tu ukapewa. Kila Jumamosi anayoikomboa, kuna mwenzake anayebeba usiku ule, na yeye naye atadaiwa usiku mwingine, labda wa Idi, labda wa msiba. Muulize amewahi kukomboa Jumamosi ngapi kimyakimya ili aje kwenu. Inawezekana hakuna hata moja. Inawezekana pia utapata jibu litakalokufanya ukae chini.

Sasa swali lako: nimfufue au nisimfufue? Kanuni zenu zenyewe zina jambo zuri hapa, nawe kama msimulizi utakuwa unalijua. Katika toleo la tano la mchezo, uganga wa kumrudisha mfu unafanya kazi kama hajapitisha siku 10 tangu afe, siku za ndani ya hadithi, si za kalenda yako ya ukutani. Unataka almasi yenye thamani ya dhahabu 500, na anayerudi hurudi dhaifu, kila anachojaribu kinapunguziwa alama nne, mpaka apumzike usiku kadhaa ndipo akae sawa. Na kuna sharti moja ambalo mwanachuo wenu kalisahau anaposema mmfufue tu yaishe: nafsi yenyewe lazima ikubali kurudi. Asipotaka, hata umwage almasi za Mwadui nzima, harudi. Na anayeisemea nafsi hiyo ni mmoja tu.

Kwa hiyo mkimfufua Jumamosi ijayo bila yeye, hata kwa nia njema, mtakuwa mmeamua juu ya mhusika wake kwa mara nyingine akiwa hayupo. Anaweza kufurahi. Anaweza pia kuona mnamnyamazisha kwa pipi. Mkimwacha amekufa bila kumuuliza, mnakuwa mmefunga mlango kabla hajaujia. Njia zilizobaki zinapita kwake. Huenda atataka tabibu arudi, na safari ya kuitafuta hiyo almasi na kuhani wa kuitumia ikawa hadithi ya Jumamosi kadhaa, yeye akicheza mtu mwingine kwa muda. Huenda atasema tabibu afe kwa heshima, azikwe, na aandikwe kwamba aliwapitisha wenzake. Huenda atataka ile Jumamosi ifutwe, mrudi mlipoishia. Hilo la mwisho linawezekana, hakuna polisi wa mchezo, lakini lina gharama: wengine watauliza kwa nini kifo cha kwao hakifutwi, na dadu mliyoichorea kwa rangi ya kucha itapoteza makali yake. Na kuna uwezekano kwamba hataki kurudi kabisa, na hapo utalazimika kumwachia njia bila kumfukuzia maneno.

Utamwendeaje? Si kwa grupu, hata kama atarudishwa humo. Na angalia usimpigie asubuhi ametoka zamu ya usiku, huo ndio muda wake wa kulala. Ningekuwa wewe nisingeanza na dadu wala na kanuni, kwa sababu ukianza kueleza jinsi ilivyotokea atasikia utetezi. Ujumbe mfupi ungetosha: "Dada, nina karatasi ya tabibu wako, nimeitunza. Kilichotokea kimetokea wewe hupo, na hakuna kitakachoamuliwa juu yake mpaka useme wewe. Nikikupitia siku utakayokuwa mapumziko itakufaa?" Halafu nyamaza, hata akichukua wiki. Sina hakika atajibu. Najua tu kwamba vile vikaragosi vya kucheka vilimkuta saa anazohudumia wagonjwa wa kweli, na neno "umefariki" kwa mtu wa kazi ile si neno la mzaha kama lilivyo kwetu sebuleni.

Tuje kwa wanaokosa. Hapa nitakupa historia kidogo kwa sababu inasaidia. Mchezo huu ulipotoka Marekani mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vyake vya kwanza vilizungumzia wachezaji kuanzia wanne hadi hamsini katika kampeni moja, yaani hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao, msimulizi mmoja kwa watu kama ishirini. Ishirini! Wazi kwamba hakuna aliyetarajia wote waje kila siku. Waliofika ndio walioshuka shimoni usiku ule, wakarudi mjini, na kesho wakashuka wengine. Hadithi ndefu ya kundi moja lisilobadilika, ambayo kila mtu ni nguzo yake, ilishika kasi baadaye, na hiyo ndiyo inayofanya pengo la mtu mmoja lionekane kama ukuta umeanguka. Mwaka 2007 Mmarekani mwingine, Ben Robbins, alieleza jinsi alivyoendesha kampeni isiyo na siku maalumu wala kundi maalumu: wachezaji wenyewe wanapanga lini na nani wanakwenda wapi, na kila kikao kinaishia mjini. Asiyekuja hana pengo la kuelezwa, mhusika wake yuko zake nyumbani.

Sisemi ubadilishe kila kitu. Hadithi yako ya mapango inaonekana ni ya aina ile ya pili, ndefu, na umeitolea jasho. Ila tazama: tatizo la juzi lilianza wiki moja kabla, mlipoagana katikati ya mapigano. Mkiishia mlangoni mwa pango badala ya tumboni mwake, yeyote anaweza kubaki akilinda mtumbwi. Utapoteza ule utamu wa kuwaacha watu midomo wazi mpaka wiki ijayo, na najua wasimulizi wanaupenda. Utajua mwenyewe kama bei hiyo unaiweza, labda si kila wiki, labda zile tu ambazo ratiba ya mwezi inaonyesha kwamba Jumamosi inayofuata mtu hayupo.

Wewe ni mtu wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, huhitaji kufundishwa taarabu. Mpiga fidla mmoja asipofika, wimbo unapigwa, masikio machache ndiyo yatakayojua. Mwimbaji asipofika, kundi halimpi dereva wa gari kipaza sauti. Linachagua wimbo mwingine. Jiulize Jumamosi ipi ni ya namna ipi. Sura ya hadithi inayomhusu, tuseme, mhusika wa karani na ndugu yake aliyepotea haichezwi karani akiwa bandarini. Safari ya kawaida ya kutafuta njia inaweza kuchezwa na watatu. Na mkiwa wawili, toeni bao au karata, au mmoja alete kisa kifupi cha usiku mmoja chenye wahusika wengine kabisa. Hatari ya mpango huu ni kwamba mwenye zamu nyingi ataishia kuwa wa pembeni daima, hana sura inayomngoja. Ndiyo maana siku yenyewe nayo iwekwe mezani. Jumamosi haikuteremka na aya. Pengine kila mwezi mnaweza kuitazama ratiba yake kwanza, kisha mkachagua, na karani atalalamika kidogo kwa kuwa meli hazina ratiba ya kutumwa kwa picha.

Kuhusu kuchezewa mhusika, naona njia tatu na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumshika wewe msimulizi, awe nyuma, aponye tu. Lakini tayari unabeba maadui, watu wa mjini na ramani, na utachoka zaidi. Anaweza kumshika mchezaji mwenzake kwa mipaka: hafi, hatumii vitu vya thamani, hafanyi uamuzi mkubwa. Mwiba wake utauona mapema, maana mtu asiyeweza kufa ndiye atakayetangulizwa kila mlango, watu ni wajanja. Au anatoka kabisa kwenye hadithi usiku ule, na tabibu akitoka hakuna wa kuwaponya, itabidi wewe upunguze makali ya maadui. Ambalo ningependelea ni kila mmoja, akiwepo, aandike kwa mkono wake kwenye karatasi yake afanyiwe nini siku akikosa. Mwalimu anaweza kuandika tofauti na mwanachuo. Haidhuru.

Faini ya mwalimu ina nia nzuri, lakini kikoba na mchezo ni vitu viwili. Kwenye kikoba asiyekuja anachelewesha pesa za watu. Hapa 2,000 za muuguzi zitakuwa kodi ya kwenda kazini. Tena faini huwa inageuka. Watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wao kwenye vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli: wazazi waliokuwa wakichelewa kuchukua watoto walipoanza kutozwa, wachelewaji waliongezeka, kwa kuwa sasa walihisi wamelipia. Faini ilipofutwa, kuchelewa hakukupungua. Mwalimu anaweza kukujibu kwamba ninyi si wazazi wa Haifa na mnaoneana haya zaidi, naye atakuwa na hoja. Kama mtachanga, labda kila mtu achangie chipsi sawa, aliyekuja na asiyekuja, bila kuiita adhabu.

Na usimnyime asiyekuwepo alama za uzoefu, zile zinazomkuza mhusika, kwa kudhani utamvuta. Kitabu cha mwongozo wa msimulizi cha mwaka 2014 kinakuachia uchague, unyime au uwape wote sawa, na kinasema ni wachache watakaokosa raha ya mchezo makusudi eti kwa sababu alama watazipata tu.

Kuna kitu sikukisoma popote kwenye barua yako. Hujaniambia siku uliyokosa wewe. Karani anakosa, mwanachuo anakosa, hadithi inakwenda. Ukikosa wewe, hakuna mchezo, na nyumbani kuna mke na mtoto, na mchana kutwa uko na bisibisi kwenye simu za watu. Je, hasira uliyonayo kwa muuguzi yote ni ya muuguzi? Nauliza tu. Kabla ya kulivunja kundi unaweza kujaribu kupumzika mwezi mmoja, mwanachuo au mwalimu asimulie kisa kifupi, nawe uwe mchezaji mwenye mhusika mmoja tu wa kumlinda. Inaweza kwenda vibaya, hadithi yako ikapoa na watu wakatawanyika. Inaweza pia kukuonjesha kuwa mtu anayeruhusiwa kukosa.

Nimemwacha dereva wa bajaji mwisho lakini simsahau. Alimtanguliza tabibu kwa sababu mtu hachezi kwa woga na uhai usio wake. Yeyote kati yenu angeweza kufanya hivyo, na meza nzima ilikuwa inatazama. Vile vikaragosi ni vyake, njia nyembamba ni yenu wote. Yeye naye mpigie, na umpigie kabla hujaenda kwa muuguzi, asije akasikia kwa karani kwamba ulikwenda kumsemea.

Shangazi